Makasisi Wanne na Harusi Moja

Ilikuwa saa tano na dakika ishirini asubuhi, Jumapili, katika ibada ya pili, kasisi alipovua miwani, akaifuta kwa ukingo wa joho lake, akaivaa tena na kuifungua barua ya askofu. Naikumbuka saa kwa sababu nilikuwa nikiitazama. Tulikuwa kwenye matangazo, na tangazo nililokuwa nikilingoja lilikuwa la tatu na la mwisho la ndoa ya baba yangu na mama yangu.

Baba alikuwa na umri wa miaka sitini na minane, Mama sitini na mitatu. Mimi, kifungua mimba wao, nilikuwa nimeketi katikati yao, fundi wa friji wa miaka arobaini na miwili, nimevaa tai. Jumapili mbili zilizotangulia kasisi alikuwa amesimama pale pale na kusoma kama kitabu kinavyotaka: kwamba fulani, kapera wa parokia hii, anakusudia kumwoa fulani, msichana wa parokia hii, na kama kuna mtu anayejua sababu ya kuwazuia, aseme. Vijana wa kwaya waliinamisha vichwa wakicheka. Mmoja alidhani ananong'ona. "Kapera ana wajukuu saba!"

Baba aligeuka akamjibu, "Wanane. Mmoja yuko njiani."

Hata kasisi alicheka. Jumapili hizo mbili kanisa zima lilifurahi nasi.

Barua ya askofu ilisema kasisi wetu anahamishwa na atakabidhi parokia Jumamosi hiyo. Watu waliguna. Mama mmoja wa viti vya mbele akaanza kulia. Kasisi alishukuru, akaomba tumwombee, akatangaza mkutano wa haraka wa kamati ya kumuaga, kisha akasema tusimame tuimbe. Tangazo la tatu halikusomwa.

"Ametusahau," Mama aliniuliza huku wimbo ukianza, "au ametuacha?"

Baada ya ibada nilimfuata kasisi kwenye chumba cha mavazi.

"Mchungaji, tangazo la tatu."

"Aa! Kweli kabisa." Alijipiga kofi kwenye paji la uso. "Lakini ndugu yangu, hata ningelisoma ingesaidia nini? Jumamosi mliyopanga ndiyo ninayokabidhi funguo. Nani angewafungisha?"

"Wewe. Asubuhi, kabla ya kukabidhi."

"Haiwi hivyo. Mwachieni atakayekuja. Yeye ndiye atakayekaa nanyi."

Alinishika bega alipokuwa akisema hivyo. Nilikuja kuuzoea mkono huo. Kila kasisi aliyetuambia tungoje, alisema hivyo huku amenishika bega.

Kanisa letu lilijengwa na Waingereza kwa mawe ya kijivu, kwa ajili ya wafanyakazi wa reli na wa baraza la mji waliopewa nyumba za chumba kimoja katika mtaa wetu wa Eastlands. Karibu na mlango pana ubao mrefu uliochongwa na mzee mmoja wa Ukambani, wenye majina ya makasisi wote tangu wa kwanza. Juu ni ya Kiingereza, chini ni ya kwetu. Wale wa juu walituachia pia sheria: mwanamke anayeishi na mwanamume bila ndoa ya kanisani haruhusiwi kula Meza ya Bwana, yaani Ushirika. Wale wa chini waliipokea sheria hiyo pamoja na funguo, na hawakuilegeza hata kidogo.

Mama alibatizwa na kupata kipaimara akiwa msichana. Alikula Mezani kwa miaka miwili. Kisha Baba akapeleka kwao mbuzi watatu wa ntheo, ambao kwetu Ukambani ndio humfanya mwanamke kuwa mke wa mtu, akamleta Nairobi. Tangu siku hiyo hakula tena.

Sijui kama msomaji amewahi kumtazama mtu anayebaki kwenye benchi wakati wa Ushirika. Safu nzima inainuka. Watu wanapita mbele yake kwenda kupiga magoti, naye anasogeza magoti yake upande ili wapite. Wakirudi anayasogeza tena. Mama alifanya hivyo kwa zaidi ya miaka arobaini. Alimsogezea magoti mwenye nyumba anayewafungia wapangaji milango kwa kufuli ikifika tarehe sita kodi haijalipwa. Alimsogezea bwana aliyejimegea uwanja wa watoto wa mtaa akajenga gorofa ya vyumba vya kupangisha. Wote hao walikuwa na cheti cha ndoa.

Baba alikuwa dereva wa lori la kampuni ya unga, na kwa miaka mingi hakutaka kusikia habari hiyo. "Mbuzi wangu walikuwa wazima," alikuwa akisema, "na mke wangu ni mzima. Kasisi ataongeza nini?" Alipostaafu akaanza kwenda kanisani, kwa sababu Jumapili nyumbani ilimchosha. Akaketi kando ya Mama. Akayaona yale magoti. Siku moja tukirudi nyumbani alisimama barabarani, mbele ya kinyozi, akamwambia, "Mama watoto, mwambie huyo kasisi aniandike. Sitaki ufe ukiwapisha watu."

Hilo ndilo alilotaka. Hakutaka sherehe wala suti. Alitaka kumwona Mama akiinuka na safu.

Kwa desturi yetu kasisi anayehama haendi peke yake. Anasindikizwa. Kamati huchangisha, hukodisha mabasi, na waumini wote humfuata hadi parokia mpya wakiimba, na zawadi zikiwa juu ya lori mahali kila mtu anaweza kuziona. Huyu wa kwanza tulimpa friji, tangi la maji, magodoro mawili na ng'ombe wa maziwa. Friji niliichagua mimi, nikaikagua, nikaiunganisha kwa mikono yangu. Mama alilala nyumbani kwa kasisi siku mbili akikanda unga wa chapati na akina mama wenzake, kwa sababu kupika hakuhitaji cheti. Katika ibada ya kuaga palikuwa na Ushirika. Safu ikainuka. Mama, mikono bado ina harufu ya vitunguu vya wageni, akasogeza magoti.

Na alihamia wapi? Njiru! Kutoka kwetu unaweza kwenda Njiru asubuhi, ukanunua nyanya, na ukarudi kabla ya chakula cha mchana. Wiki tatu baadaye nilimpeleka Mama huko. Kasisi alitupokea vizuri, akatupa soda kutoka kwenye ile friji.

"Mama, ningependa sana," alisema. "Lakini nikija kufungisha ndoa kule, nitakuwa nimeingia shamba la mwenzangu."

"Hajafika bado huyo mwenzako," Mama alisema. "Shamba halina mtu."

"Hata hivyo ni lake."

Wa pili alifika miezi minne baadaye. Alikuwa kijana, ametoka chuoni, anapiga gitaa. Nilimwendea na barua kutoka kwa wa kwanza, yenye muhuri wa parokia, inayosema kwamba wazazi wangu walimaliza mafundisho ya ndoa, majuma kumi na mawili, na kwamba walitangazwa mara mbili. Aliisoma yote. Akaikunja vizuri. Akanirudishia.

"Ni barua nzuri," alisema. "Lakini mimi siwezi kumfungisha mtu ambaye sikumfundisha mimi. Nitajuaje alifundishwa nini?"

"Si mlisoma chuo kimoja?"

Alicheka. "Ndiyo maana."

Basi Baba, dereva aliyelea watoto watano, akarudi darasani. Alhamisi jioni alikaa kwenye viti vya plastiki vya ukumbi pamoja na wapenzi wa miaka ishirini na minne, akifundishwa jinsi ya kupanga matumizi ya nyumba na jinsi ya kuzungumza na mwenzi. Vijana walimpenda. "Niaje, bwana harusi!" walimsalimu mlangoni, naye aliwajibu, "Poa, mashemeji." Siku moja kasisi alimwuliza mbele ya wote, "Mzee, mkigombana na mke wako mtarajiwa, utafanya nini?"

"Nitafanya nilivyofanya jana."

"Jana ulifanya nini?"

"Nilinyamaza. Nikapewa chakula."

Darasa likavunjika mbavu. Nasimulia haya kwa sababu yalikuwa ya kuchekesha kweli, na kwa sababu Baba mwenyewe aliyafanya yawe hivyo. Alikuwa akimfichia Mama aibu. Mama hakucheka. Alikuwa anaandika kila kitu kwenye karatasi, kama mtu anayeamini kwamba kutakuwa na mtihani na kwamba anaweza kuushinda.

Walimaliza mafundisho. Wiki mbili baadaye kasisi yule kijana aligombana na baraza la kanisa juu ya spika mpya, askofu akamwondoa. Tukachangishwa. Tukamsindikiza. Safari hiyo zawadi ilikuwa kompyuta na jenereta.

Baada yake tulikaa miezi saba bila kasisi. Alikuja mwinjilisti kuhubiri, na mara moja kwa mwezi kasisi wa parokia jirani alikuja kutoa Ushirika. Nilimwomba huyo jirani. Alinijibu kwamba yeye ni wa kushikilia tu, na mtu wa kushikilia hafungishi ndoa za watu wanaoishi pamoja. Hizo ni kesi, na kesi zinamngoja mwenyewe.

Kesi. Ndivyo walivyowaita. Nilianza kusoma. Nilitoka shule kidato cha pili na yote ninayojua nimejifunza mwenyewe, kwanza umeme, kisha gesi za friji, kisha Kiingereza cha kutosha kusoma vitabu vya vyote viwili. Niliazima katiba ya kanisa kwa katibu wa parokia nikaisoma kibandani kwangu kati ya kazi, nikipigia mstari kwa penseli. Sikuona mahali popote panaposema mafundisho yanakufa kasisi akihama. Nilipomwonyesha kasisi wa tatu, mwaka uliofuata, alinitazama kwa upole mkubwa.

"Wewe ulisomea wapi theolojia?"

"Sikusoma."

"Basi tuachie sisi tuliosoma." Na mkono ukaja begani.

Kwa haki niseme kwamba wa tatu hakuwarudisha darasani. Alikuwa na vizuizi vyake mwenyewe. Alitaka cheti cha kupimwa virusi vya ukimwi kwa wote wawili, na barua ya ukoo wa Mama inayothibitisha kwamba mahari ilikamilika. Nilimwambia Baba ana miaka sabini na Mama sitini na mitano. Akasema sheria haina umri.

Niliwapeleka kliniki. Muuguzi alikuwa msichana mdogo, mchangamfu.

"Babu, mnapimwa kwa nini?"

"Naoa," Baba alisema.

"Wewe? Unamwoa nani?"

"Huyu."

Muuguzi alimtazama Mama, akatabasamu hadi masikioni. "Shosho, umekubali?"

"Bado ninafikiria," Mama alisema.

Hicho ndicho kicheko cha mwisho cha Baba ninachokikumbuka chote, kwa sababu alipokuwa akicheka alianza kukohoa, na kikohozi hakikuisha upesi. Muuguzi aliacha kutabasamu, akamsikiliza kifua, akatuambia tusiondoke hapo bila kumwona daktari. Daktari alisema moyo umepanuka. Baba alipewa dawa za kumeza kila siku na akaambiwa asipande ngazi.

Kuanzia hapo nilijua kwamba hatuna muda. Nilimwambia kasisi wa tatu hivyo hivyo. Alisema atamkumbuka katika maombi, na barua ya mahari je?

Anayestahili kuandika barua hiyo alikuwa mjomba wangu, mdogo wake Mama, aliyebaki Ukambani kwenye shamba la baba yao. Nilimpigia simu nikidhani ni jambo la dakika tano.

"Mbuzi wale watatu walikuwa wa babangu," alisema. "Babangu amekufa, na mbuzi wamekufa. Mimi nimepata nini?"

"Mjomba, Mama ana miaka arobaini na zaidi kwenye ndoa."

"Ndiyo maana ninasema bei imepanda."

Nilimkasirikia sana mjomba wakati huo. Sasa simkasirikii. Yeye angalau alisema anachotaka, na alipopata mbuzi wawili na blanketi aliandika barua siku hiyo hiyo, akaweka kidole gumba, akaita wazee wawili nao wakaweka vidole vyao. Aliianza kwa heshima zote, akamtaja kasisi wa tatu kwa jina lake kamili, kwa sababu kwetu mtu wa heshima huandikiwa mtu, haandikiwi ofisi.

Tuliipeleka barua. Kasisi akaisoma, akaiweka ndani ya Biblia yake, akasema ataifikisha barazani. Wakati huo baraza lilikuwa na vita yake: kasisi alitaka ukumbi wa zamani ubomolewe ili pajengwe maduka ya kupangisha yanayotazama barabara, nusu ya wazee wakitaka, nusu hawataki. Kila nilipouliza, niliambiwa ajenda ni ndefu. Miezi kumi. Baba alianza kulala ameketi, mito mitatu nyuma ya mgongo, kwa sababu akilala chali maji yalimpanda kifuani. Halafu ukumbi ukabomolewa, wale waliokuwa hawataki wakaenda kwa askofu, na kasisi wa tatu akahamishwa. Aliisahau barua ya mjomba mezani, ikapatikana chini ya vikombe. Alisindikizwa kwa mabasi manne. Sikwenda, lakini nilitoa mchango, kwa sababu mwenyekiti wa kamati alikuja kibandani na kusimama mbele ya wateja wangu mpaka nikautoa.

Wa nne ni mtu mpole. Nataka hilo lieleweke, ili asije mtu kusema kwamba namchukia. Ana sauti nzuri na husalimia kila mtoto. Nilimpelekea kila kitu: barua ya wa kwanza, vyeti vya kliniki, barua ya mjomba. Alizisoma akiwa amesimama.

"Hii ya mahari," alisema, "imeandikwa kwa mwenzangu."

"Ndiyo. Yeye ndiye aliyekuwepo."

"Unaona shida yangu. Siku mtu akija kuuliza, nitaonyesha barua ya mtu mwingine?"

"Mchungaji, baba yangu ni mgonjwa."

"Najua, ndugu yangu. Namwombea. Ni kazi ndogo tu, waandike tena jina."

Nilimtumia mjomba nauli. Alikuja mwenyewe Nairobi, akamwona Baba alivyovimba miguu, akaandika barua ya pili kwenye kochi letu bila kuomba hata chai. Kasisi wa nne akaikubali. Tukapewa tarehe, Jumamosi. Nikalipa ada ya ndoa ofisini, shilingi elfu sita, nikapewa risiti. Tangazo la kwanza likasomwa, kisha la pili. Vijana wale waliocheka mwanzoni walikuwa wameshaoa na kuzaa. Safari hii hakuna aliyecheka.

Baada ya tangazo la pili Baba hakuweza tena kutoka nyumbani. Nilikwenda kumwomba kasisi aje kwetu. Nyumba ni ya chumba kimoja na sebule, chini, haina ngazi. Kitabu anacho, mashahidi tunao, bibi harusi anapika chai. Dakika ishirini.

"Ndoa inafungwa kanisani, milango wazi," alisema. "Si kitandani. Watu watasema tunafungisha watu kwa siri."

"Watu wametangaziwa wazee hawa kwa miaka mitano! Siri iko wapi?"

"Tungoje Jumamosi ile. Mungu atampa nguvu."

Wiki hiyo hiyo alikwenda Dandora kubariki lori. Mmoja wa wazee wa kanisa alikuwa amenunua lori la kubebea mchanga, na kasisi alivaa joho, akaenda na wasaidizi wawili, akalibariki lori hilo likiwa limeegeshwa kando ya barabara, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Picha zilitumwa kwenye kundi la kanisa katika simu. Nilizitazama kwa muda mrefu. Kasisi ameweka mkono juu ya boneti. Nimeongoza maisha yangu kwa kujaribu kuelewa mambo hatua kwa hatua, nikiamini kwamba kila mashine iliyosimama ina sababu na sababu hiyo inaweza kupatikana. Sijawahi kuipata sababu ya lori kutembelewa huku baba yangu akiambiwa aje mwenyewe.

Baba alikufa Alhamisi mchana, siku tisa kabla ya harusi, akiwa kwenye kiti karibu na mlango. Mama alikuwa amekwenda kurefusha mikono ya gauni alilotaka kuvaa. Mke wangu ndiye aliyekuwa naye. Alisema Baba aliuliza, "Amerudi?" na kwamba hakuuliza tena.

Tulimzika Ukambani. Kasisi alikuja na basi la waumini, akahubiri vizuri, akamwita Baba mtumishi mwaminifu na nguzo ya nyumba yake. Baada ya mazishi wageni waliketi kula chini ya turubai. Mimi nilikuwa nikigawa maji ya kunawa, kwa hiyo nilisikia kila neno. Kasisi alimfuata Mama mahali alipokuwa ameketi, wazee wawili wa kanisa wakiwa nyuma yake.

"Mama, pole tena. Lakini nina neno la kukutia moyo. Jumapili ijayo njoo Mezani."

Mama aliinua uso. "Wapi?"

"Meza ya Bwana. Uko huru sasa. Hakuna kizuizi tena."

"Kizuizi."

"Ndiyo, Mama. Mwanamke aliyekuwa akiishi vile, mume akishatangulia, anahesabiwa mjane. Na mjane tunampokea."

"Mjane wa nani?"

Kasisi aliwatazama wazee. "Si wa Mzee?"

"Kwa hiyo nilikuwa mke wake."

"Mama, hayo ni mambo ya kanuni, tutayazungumza ukishapumzika."

"Nimeshapumzika, Mchungaji. Nimekaa kwenye benchi miaka arobaini na saba." Hakupandisha sauti. "Kama nilikuwa mke wake, mlininyima nini na kwa nini? Kama sikuwa, basi usiniite mjane. Kula wali wako, unapoa."

Mzee mmoja alisema, "Mama, sema na kasisi vizuri." Mama alimwuliza kama ameongezwa nyama.

Nilidhani ni uchungu wa siku hiyo na kwamba utapita, kwa sababu hakuna kitu alichokitaka zaidi duniani kuliko kuinuka na ile safu. Haukupita. Anakwenda kanisani kila Jumapili, anaketi pale pale, na watu wanapita mbele ya magoti yake. Nilimwambia tuhamie kanisa jingine, yako mengi, mengine yapo ndani ya mabanda na hayaulizi cheti cha mtu. Alikataa. "Niende nikawe mgeni? Mimi ni wa hapa." Akina mama wamemsihi. Kasisi mwenyewe amekuja nyumbani mara mbili, akanywa chai, akamshika bega. Mama amemjibu kwamba atakuja Mezani siku kasisi atakaposimama pale mbele, wakati wa matangazo, na kusema kwamba yule waliyemzika alikuwa mume wake tangu siku ya mbuzi. Kasisi anasema hawezi kusema hivyo peke yake. Lazima aulize juu. Kama atalipata jibu, sijui, kwa sababu mwezi uliopita barua ya askofu ilisomwa tena. Anahamishwa.

Kamati ya kumuaga iliweka meza nje ya kanisa baada ya ibada, mtunza hazina akiwa na daftari na kitabu cha risiti, na waumini wakapanga foleni na ahadi zao. Mama aliniambia nimshike mkono, tukapanga foleni. Watu walifurahi kumwona hapo. Wengine walimsogeza mbele kwa heshima ya umri.

"Mama yetu!" mtunza hazina alisema, kalamu tayari. "Tunakuandikia ngapi?"

"Sikuja kutoa. Nimekuja kuchukua." Akaweka mezani risiti ya ada ya ndoa.

Mtunza hazina aliigeuza mbele na nyuma. "Mama, ada hairudishwi."

"Ada ya nini?"

"Ya kufungisha ndoa."

"Nani alifungishwa?"

Nilikuwa na mengi ya kusema, nilikuwa nayo kwa miaka mingi na kwa mpangilio mzuri, lakini Mama alinibana mkono. Mtunza hazina alikwenda ndani kuuliza. Alikaa huko muda. Aliporudi hakumtazama Mama usoni. Alisema kasisi amekubali, kwa sababu ya msiba, lakini matangazo mawili yalikuwa yamesomwa na hiyo ni kazi iliyofanyika, kwa hiyo yatakatwa, shilingi mia mbili na hamsini kila moja. Akazitoa noti kwenye mkebe wa zawadi za kasisi, akazihesabu mara mbili. Mama akazihesabu mara ya tatu, akazifunga kwenye ncha ya leso, akasema asante. Zilikuwa shilingi elfu tano na mia tano.